Mbuzi wa Desemba akaguliwe kabla damu haijakingwa

Kila Desemba ndugu wanaporudi Moshi na Rombo, simu zetu za idara ya mifugo huita kwa ombi lilelile: "Daktari, tumeshachinja, pita utugongee muhuri." Haiwezekani. Ukaguzi huanza mbuzi akiwa bado amesimama.

Hatupigi vita kisusio (supu yenye damu) wala mlaso (damu ya mnyama inayonywewa). Nimekulia kihambani, kwenye shamba la migomba la ukoo, nimeishika bakuli ya damu nikiikoroga isigande huku wazee wakisubiri na kata zao za mbege. Shida ni kwamba damu hutangulia. Mkaguzi akifika anakuta nyama juu ya majani ya mgomba, mlaso umekwishanywewa, maini na mapafu yamo sufuriani. Sasa nikague nini, paja?

Kibudu ndicho kinachotutisha zaidi. Mnyama aliyekufa ghafla, damu isiyoganda ikimtoka puani au nyuma, huenda ana kimeta, ugonjwa unaoambukiza watu pia. Msimpasue "tuone kilichomuua". Vimelea vikipata hewa hujenga mbegu zinazodumu ardhini miaka na miaka. Na hili la "moto unaua kila kitu" tumelisikia vya kutosha, jamani. Aliyemchuna ameshashika damu kabla kuni hazijawaka.

Kuhusu usafirishaji, risiti ya mnada si kibali. Kibali cha kusafirisha mifugo hutolewa na mtaalamu wa mifugo wa kule mnyama anakotoka, baada ya kumwona mnyama mwenyewe, si picha yake ya WhatsApp. Huandikwa aina, idadi, anakotoka na anakokwenda. Kibali cha mbuzi wawili hakimbebi wa tatu, hata akiwa mdogo, hata akiwa zawadi ya mama mkwe. Chini ya Sheria ya Magonjwa ya Mifugo Na. 17 ya 2003, mifugo inaweza kuzuiliwa njiani na mwenye mali akashtakiwa. Kumwambia askari kwamba ni wa sikukuu hakusaidii.

Jambo dogo ambalo wengi hulipuuza: maini yakiwa na vifuko vya maji, msiwatupie mbwa. Mbwa hupata minyoo, hutoa mayai yake kwenye kinyesi, na mtoto anayecheza naye uani huyameza. Chomeni, au fukieni pale ambapo mbwa hatafukua.

Tujulisheni siku mbili kabla. Tarehe 24 jioni mkaguzi mmoja huwa na nyumba nyingi, na asiyejiandikisha husubiri.