Maji ya Dar hayana kosa: dhana potofu kuhusu chakula cha nyumbani Tanga

Anayerudi Dar baada ya likizo Tanga huwa na mizigo miwili: deli la vyakula, na maelezo ya kwa nini vyakula hivyohivyo havinogi akivipika mwenyewe. Maelezo mengi si sahihi. Mengine yanaweza kumlaza mtu hospitalini.

"Wali wa nazi wa Tanga hunoga kwa sababu ya maji ya kule."

Tofauti kubwa iko kwenye moto. Nyumbani, wali ukikaribia kukauka, makaa ya chini hupunguzwa na mengine hupaliwa juu ya kifuniko. Punje za juu huiva kwa joto kavu, na chini unabaki ukoko unaogombewa. Jiko la gesi hutoa moto chini tu, tena katikati, kwa hiyo chini kunaungua huku juu kumelowa. Dawa yake ni sufuria nzito yenye kifuniko kinachobana. Maji yakikaribia kukauka, weka chuma cha chapati kati ya sufuria na moto, punguza moto hadi mwisho, uache dakika 20 bila kufunuafunua.

Kosa la pili ni kumwaga tui zito lote mwanzoni ili wali uwe mtamu. Tui zito lina maji machache, hushika chini kabla punje haijaiva kiini. Kwa vikombe 2 vya mchele chukua nazi moja kubwa iliyokomaa, upate tui la jumla vikombe vitatu na nusu hivi, pungufu kidogo kama mchele umelowekwa. Anza na tui la pili na chumvi. Punje zikishalainika, mimina tui zito, geuza mara moja, funika.

Na kama nazi iliyokunwa imetoka kwenye friji, usiikamue kwa maji baridi. Mafuta ya nazi huganda joto likishuka chini ya nyuzi 24 hivi, kwa hiyo mengi yatabaki kwenye machicha. Tumia maji ya vuguvugu. Kwa sababu hiyohiyo, tui lililofanya tabaka gumu jeupe juu ndani ya friji halijaharibika. Lililoharibika hujitangaza kwa harufu ya uchachu.

"Tui likikatika kwenye mchuzi, nazi ilikuwa mbaya."

Mara nyingi nazi haina hatia. Tui zito limechemshwa kwa nguvu, au ndimu na ukwaju vimetiwa baada yake. Protini zinazoyashika mafuta huganda, mafuta yakaelea. Tia vitu vichachu kwenye tui jepesi, tui zito liingie mwisho, koroga bila kuacha hadi litokote kidogo, kisha epua. Mchuzi uliokatika unalika, ila hauna sura ya kumwekea mgeni.

"Kibua akikaangwa vizuri hana neno, hata kama alichelewa kidogo."

Hii ndiyo mbaya kuliko zote. Kibua, jodari na nguru wakikaa kwenye joto, bakteria hutengeneza histamini ndani ya nyama yao, na histamini haiondoki kwa kukaanga, kuchemsha wala kugandisha. Mlaji huwashwa, uso humwiva, kichwa humgonga, wakati mwingine ndani ya dakika chache, naye hudhani ana aleji ya samaki. Samaki mwenyewe anaweza asiwe na harufu yoyote ya kutisha.

Kwa hiyo barafu ianze pale samaki anaponunuliwa, si stendi ya Kange dakika kumi kabla ya basi kuondoka. Mtoe matumbo na mashavu, mwoshe, mjaze barafu tumboni. Ndani ya deli panga tabaka la barafu, la samaki, la barafu tena, kilo moja ya barafu kwa kila kilo ya samaki. Weka kichanja kidogo chini ili samaki wasiogelee kwenye maji yanayoyeyuka. Njia ya Segera na Chalinze ni ya saa kadhaa, na buti la basi ni tanuri. Asiye na deli achukue ng'onda au papa mkavu, mambo yaishe.

Samaki wa kukaanga naye apoe kabisa kabla ya kufungwa. Akitiwa kwenye mfuko angali na moto hutoa jasho, na unyevu huo ndio unaomharibu.

"Kiporo kikipashwa moto sana, kila kitu kinakufa."

Mbegu za bakteria aitwaye Bacillus cereus hustahimili kuchemka. Wali ukilala sufurianini usiku kucha, huamka, huzaliana na kuacha sumu ambayo kupasha moto hakuiondoi. Matokeo ni kutapika saa chache baadaye. Kiporo cha kunywea chai asubuhi si haramu: tandaza wali kwenye sinia upoe upesi, uingie kwenye friji ndani ya saa mbili. Wali wa nazi wa kusafiri nao usiku, bila barafu, achana nao.

"Machungwa ya Muheza ya kijani hayajaiva."

Yameiva. Ganda hugeuka rangi ya chungwa pale usiku unapokuwa na baridi, na ukanda wetu hauna baridi hiyo. Pima kwa uzito: zito kwa umbo lake lina maji. Na usinunue machanga ukitegemea yataivia sebuleni; chungwa likishachumwa haliivi zaidi, si kama embe au ndizi.

"Muhogo ni mzizi, unakaa kama viazi."

Ndani ya siku mbili tatu baada ya kung'olewa huanza kupiga mistari ya bluu na nyeusi, na uharibifu huanzia kwenye jeraha. Chagua isiyovunjika wala kuchubuka. Siku ileile ya kufika, menya, toa uzi wa katikati, kata vipande, osha na ugandishe. Siku ya kupika, vipande viingie kwenye maji yanayochemka vikiwa bado na barafu. Vikiachwa viyeyuke kwanza hulegea na kunyonya maji. Tui lifuate vikishalainika.