Sabuni nzito inachemkaje kwenye pipa la baridi?

Wiki iliyopita niliitwa Makorora hapa Tanga, kwa bi mkubwa mmoja anayetengeneza sabuni ya maji nyumbani, kanunua pampu ndogo ya umeme ya kutoa sabuni kwenye pipa ajaze madumu, na siku ya kwanza tu pampu inalia kama inasaga kokoto halafu sabuni inatoka kidogokidogo. Nikamwamkia, akaitikia, "Marahaba mwanangu, hii pampu nimeuziwa mbovu." Fundi aliyekuja kabla yangu alisema paipu inavuta hewa, akafunga tepu kila maungio, mlio uko palepale. Pampu haikuwa mbovu. Ilikuwa ni kavitesheni, yaani sabuni ilikuwa inachemka ndani ya paipu, na nilipomwambia hivyo akaniuliza swali ambalo sijaacha kulifikiria tangu siku ile: "Sabuni nzito hivi inachemkaje na pipa la baridi?"

Anza na maji ya kawaida. Yanachemka nyuzi 100 kwa sababu presha ya hewa inayakandamiza, huku kwetu usawa wa bahari ni kama kilopaskali 101. Punguza hiyo presha na yatachemka mapema, maji ya nyuzi 30 yanachemka presha ikishuka mpaka kama kilopaskali 4. Sasa pampu ikivuta, presha upande wa saksheni, yaani upande wa kuvutia, inashuka, ikifika huko chini vinazaliwa viputo, na humo ndani ni mvuke wa maji yenyewe, hakuna tundu lolote lililoingiza hewa. Viputo vikifika kwenye impela, lile gurudumu linalozunguka ndani ya pampu, presha inapanda tena na vinabomoka, na kubomoka kwenyewe ni kwa kasi ya ajabu. Hesabu yake aliifanya Lord Rayleigh wa Uingereza mwaka 1917, enzi ambayo propela za meli zilikuwa zinaliwa mashimo: kiputo kitupu chenye nusu kipenyo cha milimita 1 ndani ya maji, kwa presha ya hewa ya kawaida, kinaisha kwa kama sekunde 0.00009. Ile kokoto unayoisikia ni maelfu ya vifo vya namna hiyo.

Sabuni ya maji sehemu kubwa ni maji, kwa hiyo kuchemka inachemka vilevile. Watu wengi, hata mafundi wazuri, wanaamini kimiminika kizito kinatulia, hakina fujo za namna hii. Mimi nasema uzito ndo chanzo. Kimiminika kizito kinachelewa kufika. Pampu inavuta, sabuni inajikokota kwenye paipu, nafasi inataka kujazwa na haijazwi kwa wakati, presha inaporomoka na mvuke unaingia pale ambapo sabuni ilitakiwa iwepo.

Lakini uzito wenyewe ni upi, hapo ndipo pananogea. Asali ina mnato mmoja, yaani ule ugumu wa kutiririka, uikoroge taratibu au haraka ni ileile. Sabuni haiko hivyo. Mtengenezaji anaweka slesi (SLES, ile malighafi ya sabuni yenyewe), anaweka chumvi, na ile chumvi inafanya molekuli za sabuni ambazo zilikuwa zimekusanyika vidonge vidogo zianze kurefuka ziwe nyuzi, nyuzi zinasokotana kama tambi kwenye sufuria, sabuni inakuwa nzito. (Chumvi ikizidi inarudi kuwa majimaji, kila anayetengeneza sabuni kashapata hasara hiyo angalau mara moja.) Ukiivuta taratibu nyuzi zimeshikana, nzito. Ukiivuta haraka nyuzi zinalala upande mmoja, inakuwa nyepesi. Ndo maana vitu hivi tunaviita vimiminika visivyo vya Newton, mnato wake hauna namba moja, unategemea unavyovisumbua.

Na hii inagusa mfuko wa mtu. Kitabu kinakwambia ukiongeza kipenyo cha paipu mara mbili, kwa mtiririko uleule uliotulia, presha inayopotea njiani inapungua mara 16. Kweli kwa asali. Kwa kimiminika ambacho presha inayopotea inapanda kwa kipeuo cha pili tu cha kasi, yaani ukiongeza kasi mara nne hasara inaongezeka mara mbili, ile 16 inakuwa kama 5.7 tu, manake kwenye paipu nyembamba sabuni ilikuwa inakimbia na imeshalegea yenyewe, ukiipa paipu pana inapunguza mwendo na inakuwa nzito tena, sehemu ya faida uliyoinunua inarudi ilikotoka. Lakini urefu haubadiliki tabia: paipu nusu, hasara nusu, kwa asali na kwa sabuni. Kwa hiyo yule bi mkubwa alikuwa na paipu ya nusu inchi mita nne, pampu iko juu ya meza, nikashusha pampu chini, nikainua pipa juu ya matofali ili uzito wa sabuni wenyewe usaidie kusukuma, paipu nikaikata ibaki chini ya mita moja na nikaweka ya inchi moja. Kokoto ikanyamaza. Hatukununua pampu.

Tukiwa tunasubiri pipa lijae mjukuu wake alikuwa amekaa kizingitini anavunja vidole, kak kak, na bibi anamgombeza. Nikamwambia bibi, hicho ndicho kilichokuwa kwenye pampu yako. Kwenye maungio ya vidole kuna ute, nao si wa Newton, una molekuli ndefu. Ukivuta kidole mifupa inaachana ghafla, ute unachelewa kujaza nafasi, presha inashuka, linafunguka pengo la gesi. Mwaka 2015 watafiti wa Canada walipiga picha za MRI wakaona pengo linatokea wakati uleule wa mlio, wakati tangu 1971 wengi walikuwa wanasema mlio ni wa kiputo kubomoka, halafu 2018 ikaja hesabu nyingine ikionyesha kiputo kikibomoka nusunusu tu sauti inatosha na sehemu inayobaki inaonekana kwenye picha. Mimi hiyo ya 2018 inanishawishi zaidi kwa sababu inaziacha picha na mlio vyote viwe kweli. Ukishavunja kidole kimoja subiri kama dakika 20 ndo kitalia tena.

Kuna jambo moja zaidi kuhusu kubomoka. Ungedhani kwa kasi ile sabuni inalegea kabisa na kiputo kinaanguka kama kwenye maji. Lakini kiputo kinapobomoka sabuni iliyokizunguka haisuguliwi tu, inavutwa, kila kipande kinarefuka kuelekea katikati, na nyuzi zikivutwa ghafla hazina muda wa kuachiana kwa hiyo zinakaza kama mpira. Kitu kilekile kinalegea ukikisugua na kinakaza ukikivuta. Kwenye maji yenye polima, yaani molekuli ndefu kama nyuzi, majaribio yameonyesha kule kukaza kunaweza kudhoofisha ule mchirizi mwembamba wa maji wenye kasi unaochoma chuma kiputo kikibomoka karibu na ukuta, kwa hiyo kimiminika kinachokuletea kavitesheni kirahisi kinaweza pia kupunguza makali yake. Impela ya bi mkubwa niliifungua, haikuwa na shimo hata moja, ingawa wiki moja ni muda mfupi na sitaki kuipa nyuzi sifa zote.

Kubomoka huwezi kukuona kwa simu, hata ukirekodi picha 240 kwa sekunde, kiputo kinaisha zaidi ya mara 40 kabla picha inayofuata haijaja. Ila kiputo kikipanda unakiona kwa macho. Nilijaza chupa mbili angavu za plastiki, moja sabuni yake, nyingine asali niliyoletewa kutoka Handeni, nikaacha nafasi kidogo juu, nikafunga na kuzipindua pamoja mbele ya dirisha. Kwenye asali kiputo kilipanda cha mviringo, kimenyooka, hakina haraka. Kwenye sabuni kilichongoka nyuma kama tone lililogeuzwa, kina mkia mwembamba ambao nyuzi zinauvuta, na mjukuu akanyang'anya chupa akaipindua tena, na tena, mpaka bibi akamwambia airudishe kwenye dumu, hiyo ina mteja.