Je, wajua kwa nini kufufua kiwanda cha nguo ni kazi ngumu kuliko kununua mitambo?

Wakazi wa Kisumu wenye umri wa kutosha wanakumbuka Kicomi, kiwanda kilichogeuza pamba kuwa kitambaa. Kilifungwa miaka ya 1990, wakati soko la nchi lilipofunguliwa kwa bidhaa za nje na mitumba ikajaa katika soko la Kibuye mjini humo. Likizungumzwa suala la kufufua viwanda vya aina hii, kwanza hutajwa fedha na mitambo. Hivyo vinapatikana. Kigumu ni mikono.

Tazama chumba cha kusokotea uzi. Bobini, yaani vijiti vinavyoviringishiwa uzi, huzunguka zaidi ya mara 10,000 kwa dakika, na uzi haukosi kukatika. Mhudumu hasimamishi mtambo mzima. Anaishika ile bobini moja, anatafuta ncha ya uzi, anaipitisha kwenye kipete kidogo cha chuma, kisha anaigusisha kwenye pamba inayoshuka kutoka kwenye rola, na uzi unajiunga. Ni sekunde chache tu. Akiunga vibaya, mahali pale patakatika tena kitambaa kikifumwa. Kazi hii haisomwi kitabuni. Mgeni husimama kando ya mzoefu mpaka vidole vizoee.

Hata hewa ina ujuzi wake. Ikikauka, nyuzi hukatika ovyo. Ikizidi unyevu, pamba hunata kwenye rola.

Kiwanda kikifungwa, wajuzi hawa hutawanyika: huyu karudi shamba, yule kafungua kibanda. Wanazeeka bila kumfundisha mtu, na hapo ndipo nchi inapopata hasara ambayo haimo kwenye hesabu za mnada wa mitambo.

Ndiyo maana Rivatex, kiwanda cha nguo cha Eldoret, inanipa matumaini. Baada ya kufungwa, ilinunuliwa na Chuo Kikuu cha Moi mwaka 2007, ikawekewa mitambo mipya kwa mkopo wa India, na kuzinduliwa upya Juni 2019. Miaka 12! Lakini kiwanda kikiwa mali ya chuo, mwanafunzi wa uhandisi wa nguo anaweza kujifunza mbele ya mtambo unaofanya kazi.

Hata baada ya kuzinduliwa, imesumbuliwa na uhaba wa pamba. Wakulima wa Busia na Homa Bay walipokosa soko la uhakika, wengi waliiacha wakapanda mazao mengine. Sasa vijana wao wanahitaji kufundishwa upya kupulizia dawa kwa wakati, kuchuma pamba bila majani makavu, na kutenga safi na yenye madoa kabla ya kuipeleka kwenye mizani.