Bonde la Rhine lisilo na daraja: kupanga siku yako kwa pantoni, jua na mkondo

Kati ya Wiesbaden na Koblenz, nchini Ujerumani, mwendo wa karibu kilomita 80, mto Rhine hauna daraja hata moja. Zamani lilikuwepo la reli baina ya Rüdesheim na Bingen, lakini lililipuliwa Machi 1945, vita vikielekea ukingoni, na mabaki ya nguzo zake bado yamo majini. Anayetaka kuvuka leo hupanda pantoni, kama afanyavyo mtu wa Likoni au Kigamboni anayewahi kazini.

Naanza na hilo kwa sababu ndilo linaloamua kama utalitembelea bonde hili au utalipita tu. Safari inayouzwa sana ni ya kupanda meli Rüdesheim, kukaa sitahani mpaka St. Goar, kisha kurudishwa kwa basi. Ngome utaziona, ila zote kwa chini na kwa mbali. Mimi nashauri zigizaga: kipande kwa meli, kipande kwa treni, na kila baada ya kijiji kimoja au viwili unavuka ng'ambo. Sehemu iliyoingizwa na UNESCO mwaka 2002 katika orodha ya urithi wa dunia ni kilomita 65 tu, kutoka Bingen na Rüdesheim hadi Koblenz, na vijiji vimekaribiana kiasi kwamba mtindo huu hauchoshi.

Kwanza tuelewane juu ya kulia na kushoto. Pande za mto huhesabiwa ukitazama maji yanakokwenda, na hapa kwa ujumla yanakwenda kaskazini-magharibi. Kushoto kuna Bingen, Bacharach, Oberwesel, St. Goar na Boppard. Kulia kuna Rüdesheim, Assmannshausen, Lorch, Kaub, St. Goarshausen na Braubach. Kila ukingo una reli yake: kushoto hupita treni za RB26 zinazotoka Mainz, kulia RB10 zinazotoka Frankfurt kupitia Wiesbaden. Tiketi ya mwezi ya Deutschlandticket inatosha kwa zote mbili, lakini haikupandishi meli za watalii. Anayetua uwanja wa ndege wa Frankfurt hufika Mainz kwa treni ya S8 kwa takriban nusu saa, na hapo anashika RB26. Reli ya kulia imepangiwa kufungwa kwa matengenezo makubwa kuanzia Julai hadi Desemba 2026. Ukisafiri katika miezi hiyo, tegemea ukingo wa kushoto na uhakikishe ratiba ya mabasi ya kufidia.

Hapo Bingen pana mtego. Mji una stesheni mbili, na jina la "Hauptbahnhof" huwavuta watu kushuka hiyo. Iko mbali na gati, kama kilomita mbili. Pantoni ya kwenda Rüdesheim iko karibu na Bingen Stadt, na RB26 husimama zote mbili, basi shuka Stadt.

Njia za pantoni zinazobeba magari na watu ndani ya kipande hiki ni tano: Bingen na Rüdesheim, Niederheimbach na Lorch, Kaub na barabara ya ng'ambo yake, St. Goar na St. Goarshausen, kisha Boppard na Filsen. Usitafute ratiba ya dakika kwa dakika. Pantoni hupakia, huvuka, hurudi, mchana kutwa. Nauli ya mtembea kwa miguu ni euro chache, hulipwa ndani, na ni vizuri kuwa na sarafu mfukoni. Utaona nahodha anaielekeza pua mkondo unakotoka na chombo kinakwenda kimshazari. Asipofanya hivyo maji yatakisukuma kupita gati. Utaona pia akisita katikati ya mto, kwa kuwa anawapisha wenye mizigo, na meli ya mizigo ya Rhine inaweza kufika mita 135 kwa urefu, haisimami kwa haraka. Ukiunganisha na treni, jipe dakika ishirini za ziada. La kuangalia zaidi ni jioni. Pantoni za vijijini hufunga mapema kuliko ile ya Bingen, na majira ya baridi mapema zaidi. Aliyekula chakula cha usiku Kaub huku chumba chake kiko Bacharach anaweza kujikuta anauona mji wake ng'ambo na hana njia ya kuufikia isipokuwa kuzunguka kwa treni mpaka penye chombo bado kinachovuka.

Na Kaub yenyewe ina jambo lake. Pantoni yake haikushushi kijijini upande wa kushoto. Inakushusha kando ya barabara kuu, hapana stesheni, hapana maduka. Kutoka hapo ni kama kilomita tatu kwenda Bacharach, au nne kwenda Oberwesel, kwa njia ya baiskeli inayofuata mto. Ni tambarare na mandhari yake ni mazuri sana, lakini si kwa mwenye sanduku la magurudumu.

Sasa jua. Ukingo wa kushoto una milima upande wa magharibi, kwa hiyo Bacharach na Oberwesel hupata mwanga mzuri asubuhi na kuingia kivulini mapema alasiri. Kaub na St. Goarshausen ni kinyume chake: kuta zao huwaka rangi jioni. Utaratibu unaofuata hapo ni rahisi: asubuhi kushoto, alasiri kulia.

Anza Bacharach saa tatu asubuhi, kabla meli hazijamwaga watu. Nyumba ya mbao iitwayo Altes Haus ni ya mwaka 1368 na iko palepale katikati, lakini usiishie barabarani. Panda kwenye ukuta wa mji, ufuate ngazi za shamba la mizabibu hadi mnara wa Postenturm. Kutoka hapo unaona mapaa, mto na ngome ya Stahleck kwa pamoja. Stahleck ni hosteli ya vijana, na ni mahali pa kulala pa bei nafuu kwa mwenye miguu ya kupanda.

Kutoka Bacharach chukua meli kushuka na mkondo, wala si treni. Sababu ni kwamba penye mwamba wa Loreley reli za pande zote mbili zimeingia ndani ya mlima kwa mahandaki, na aliye kwenye treni hupita gizani sehemu ile ile aliyoisafiria. Kushuka kutoka Bacharach hadi St. Goar huchukua chini ya saa moja. Kupanda kipande hicho hicho kwa meli huchukua zaidi ya saa nzima, maana unashindana na maji. Mwenye haraka ashuke kwa meli na arudi kwa treni. Mwenye kamera na subira afanye kinyume, atapata muda mrefu zaidi kwa kila ngome. Meli za KD, kampuni yenye mizizi ya mwaka 1826, hufanya kazi hasa kuanzia Aprili hadi Oktoba. Nje ya miezi hiyo usitegemee meli.

Unaweza kukatiza safari Kaub uone Pfalzgrafenstein, na nashauri ufanye hivyo kuliko kitu kingine chochote katika bonde hili. Ni ngome iliyosimama juu ya kisiwa katikati ya mto. Mfalme Ludwig wa Bavaria aliianzisha mnamo 1326 na 1327 ili kutoza ushuru meli zinazopita, na ushuru uliendelea kutozwa hadi miaka ya 1860. Umbo la jengo lenyewe lina kazi: pua yake ya mawe inaelekea mto unakotoka ili kupasua barafu na mafuriko. Mashua ndogo hukuvusha kutoka Kaub. Ngome hufungwa Jumatatu, saa za majira ya baridi ni chache, na maji yakijaa mashua haiendi. Maliza haja zako Kaub kabla ya kuvuka, kwani kisiwani hakuna choo. Mahali hapa ndipo jeshi la Blücher, jemadari wa Prussia, dola la Kijerumani la zamani, lilipouvuka Rhine usiku wa kuamkia mwaka 1814 likimfuata Napoleon.

Ujue pia kwamba si kila ngome unayoiona ni ya kale kwa umbo lake. Nyingi zilivunjwa na majeshi ya Ufaransa karne ya 17, kisha wakuu wa Prussia wakazijenga upya karne ya 19 kwa ladha ya wakati wao: Rheinstein, Sooneck na Stolzenfels ni za kundi hilo. Zinapendeza, lakini anayetaka kuona Enzi za Kati zenyewe aende Pfalzgrafenstein na Marksburg, juu ya Braubach, ngome pekee ya mlimani katika eneo hili ambayo haikuwahi kubomolewa. Marksburg huingiwa kwa kuongozwa tu. Rheinfels, juu ya St. Goar, ni gofu kubwa kuliko yote: ilianzishwa 1245, ikawashinda Wafaransa 1692, ikalipuliwa nao 1797. Vaa viatu vinavyoshika na ubebe tochi, na uulize siku hiyo ni sehemu zipi ziko wazi, kwa sababu ukarabati hufunga baadhi yake.

Kuhusu Loreley: ukiwa chini yake melini ni jabali la mita 132 na bendera, na wengi husikitika kimoyomoyo. Panda juu. Kutoka St. Goarshausen kuna njia ya ngazi, au basi. Vizuri zaidi ni kuutazama kutoka ng'ambo, mahali paitwapo Maria Ruh karibu na kijiji cha Urbar, ambapo kona nzima ya mto inafunguka. Hapo utaelewa kwa nini manahodha wanapaogopa: mto unabanwa, unazama hadi karibu mita 25, na unapinda mtu asione kilicho mbele. Ndiyo maana kando ya mto kati ya Oberwesel na St. Goar kuna vibao vya taa za mistari. Vinaiambia meli inayopanda ni chombo gani kinachoshuka nyuma ya kona. Januari 2011 meli ya tangi yenye takriban tani 2,400 za asidi ya salfa ilipinduka karibu na hapa na watu wawili wakafa. Hekaya ya mwanamke anayechana nywele juu ya mwamba ni ya washairi wa karne ya 19, lakini hatari si ya hekaya.

Mvinyo wa hapa ni hasa Riesling mweupe. Shamba liko kwenye mteremko mkali wa mwamba wa sleti, jiwe jeusi linalofyonza joto mchana na kulitoa usiku, na mto nao hupunguza ukali wa baridi. Bila vitu hivyo viwili zabibu zisingeiva vyema huku kaskazini. Gharama yake ni mikono: trekta haifiki, kuta za mawe zisizo na saruji lazima zirekebishwe kila mwaka, na mizigo hupandishwa kwa kigari cha reli moja. Kwa sababu hiyo eneo la Mittelrhein limebaki na takriban hekta 450 tu, na vichaka vingi utakavyoviona miteremkoni zamani vilikuwa mashamba ya mizabibu. Shamba kubwa lililoungana ni Bopparder Hamm, mahali mto unapojikunja na mteremko ukatazama kusini. Assmannshausen ni tofauti, huko hulimwa Spätburgunder mwekundu.

Kunywa ulipo mkulima mwenyewe, katika Straußwirtschaft. Hizi si baa. Sheria inamruhusu mkulima kufungua nyumba yake kwa miezi isiyozidi minne kwa mwaka, viti visivyozidi 40, auze mvinyo wake mwenyewe na chakula chepesi. Alama yake ni shada la matawi au ufagio mlangoni. Kama halijatundikwa, pamefungwa. Kwenye orodha, "trocken" ni mkavu, "halbtrocken" au "feinherb" una utamu kidogo, "lieblich" ni mtamu. Riesling ya sleti ina uchachu mkali. Anayeanza asiagize trocken kwanza. Anayeendesha gari akumbuke kikomo cha kileo katika damu ni promili 0.5.

Asiyekunywa kileo hakosi lake: wakulima wengi hukamua "Traubensaft", sharubati ya zabibu isiyo na kileo, na ni nzuri kuliko ya dukani. Lakini Septemba na Oktoba ajihadhari na "Federweißer". Ina rangi ya maziwa na utamu wa juisi, na watu hudanganyika, kumbe ni mvinyo ambao bado unachachuka. Anayeinunua asiibane kifuniko wala kuilaza ndani ya begi: gesi inaendelea kutoka, chupa itamwagika au kupasuka.

Kabla ya kuondoka nyumbani, angalia kiwango cha maji kwenye kipimo cha Kaub, kinachotolewa na mamlaka ya njia za maji katika tovuti ya ELWIS. Namba hiyo si kina cha mto. Njia ya meli huwa na takriban mita 1.1 zaidi. Oktoba 2018 ilishuka hadi sentimita 25 na watu wakaenda Pfalzgrafenstein kwa miguu. Ikiwa chini namna hiyo, baadhi ya gati hazifikiki kwa meli za abiria. Ikipanda mita 4.60 meli hupunguzwa mwendo, na ikifika 6.40 meli husimamishwa.

La kulala ni la mwisho kupanga na la kwanza kuharibu safari. Reli hizi mbili ni sehemu ya njia ya mizigo kati ya Rotterdam na Genoa, na treni nzito hupita usiku kucha, hasa ukingo wa kulia, hatua chache kutoka madirishani. Chumba chenye "mandhari ya mto" mara nyingi ni chumba chenye mandhari ya reli. Omba cha upande wa mlimani, au lala katika kibonde cha pembeni kama Steeg nyuma ya Bacharach, au Boppard mitaa ya juu.