Dhana potofu katika riwaya za safari ya kwanza ya uwindaji: mnyama haanguki palepale

Miswada ya riwaya za vijana huletwa kwangu nikague mambo ya porini kabla haijachapwa, na kila ikija ya safari ya kwanza ya uwindaji najua nitakachokikuta. Kijana wa miaka 14 kalala kifudifudi pembeni mwa baba yake. Anabana pumzi, anafyatua, kulungu anaanguka palepale kama gunia. Baba anampigapiga begani, sura imekwisha. Nikimwuliza mwandishi, jibu ni lilelile: “Lakini si kapigwa moyoni?”

Kapigwa moyoni, sawa, na bado atakimbia. Risasi ya moyo au mapafu huua kwa kumwaga damu. Mpaka ubongo uishiwe oksijeni, mnyama ana sekunde kadhaa za kutumia miguu yake, na kulungu aliyeshtuka akizipata sekunde 10 anaweza kuwa mita 100 ndani ya kichaka. Wa kuanguka palepale kwa kawaida ni aliyepigwa ubongo au uti wa mgongo.

Kwa hiyo mlio wa bunduki ni mwanzo wa kazi. Kijana anatakiwa awe ameona mnyama alivyoitikia: aliyepigwa moyoni mara nyingi huruka na kurusha miguu ya nyuma, aliyepigwa tumboni hujikunja mgongo na kuondoka taratibu. Anatakiwa akariri mti ambao mnyama alisimama karibu nao na mahali alipoonekana mwisho. Kisha wanasubiri. Nusu saa ndiyo desturi ya wawindaji wengi. Kama risasi imeingia tumboni, ni saa nyingi, kwa sababu mnyama anayefukuzwa mapema huinuka alipolala na kwenda mbali hadi apotee.

Ndipo damu isomwe. Nyekundu inayong’aa yenye povu imetoka mapafuni. Iliyokolea sana, karibu na weusi, mara nyingi ni ini. Ikichanganyika na majimaji ya kijani yanayonuka majani yaliyocheuliwa, hilo ni tumbo, na hapo watu wazima husimama na kurudi nyuma wakasubiri tena. Njia ya damu haikanyagwi, hufuatwa kwa pembeni. Mmoja anabaki kwenye tone la mwisho, mwenzake anatafuta mbele, ameinama, akikagua hata upande wa chini wa majani.

Nawasihi waandishi, msiifute nusu saa hiyo. Kijana amekaa, mikono inatetemeka, hajui kama ameua au amejeruhi, na baba hamruhusu kuinuka. Hakuna mahali pengine katika riwaya nzima ambapo atalazimika kukifikiria alichokifanya bila pa kukimbilia. Mnakitupa chakula kilichoiva.

Mengine ni mafupi.

Eti kumpiga kichwani ndiyo huruma. Ubongo ni mdogo na kichwa hakitulii. Ukikosea kwa sentimita chache umevunja taya, na mnyama atakufa njaa baada ya siku nyingi. Mzee mwenye akili humwambia mwanafunzi alenge nyuma tu ya mguu wa mbele, theluthi moja kutoka mstari wa tumbo kwenda juu.

Eti koti la rangi ya chungwa litamfichua kijana. Macho ya kulungu hayatofautishi nyekundu na kijani kama yetu, na rangi hiyo kwake imefifia. Litamwokoa kijana asipigwe na mwindaji mwingine. Kinachomfichua ni kujitikisa, na zaidi ya hapo upepo unaompelekea mnyama harufu yake. Nasoma kurasa nzima za kunyatia ambazo hakuna hata mmoja aliyejiuliza upepo unatoka wapi, na hizo nazirudisha.

Eti kulungu juu ya kilima, mbingu tupu nyuma yake, ni shabaha nzuri. Ni picha nzuri ya jalada tu. Hata risasi ndogo ya .22 inaweza kwenda zaidi ya kilomita moja, na huwezi kujua nani yuko upande wa pili. Andika baba akiushusha mtutu kwa kiganja, kijana akasirike, na wote wawili wamngoje mnyama ateremke hadi awe na udongo nyuma yake.