Kamba, chumvi na sindano ya siti skani: maswali kuhusu iodini

Mama mmoja anayekaanga na kuuza samaki sokoni Bagamoyo, jirani na jengo la forodha ya zamani, alinionyesha faili lake la hospitali. Juu ya jalada palikuwa pameandikwa kwa kalamu nyekundu na kwa herufi kubwa: MZIO WA IODINI. Sababu iliyotajwa ni kwamba akila kamba midomo humvimba na mwili humwasha. Kwa ajili ya maneno hayo matatu siti skani yake ya tumbo, kipimo cha picha za eksirei ambacho mgonjwa huchomwa dawa yenye iodini, ilikuwa imeahirishwa mara mbili, na yeye mwenyewe, kwa kutaka kujilinda, alikuwa ameacha kununua chumvi ya pakiti, akawa anapika kwa chumvi ya mawe inayotoka moja kwa moja kwenye mashamba ya chumvi ya pwani. Binti yake, ambaye hula chungu kimoja naye, alikuwa na mimba ya miezi mitano. Mimi ni mtumishi wa chumba cha picha za eksirei, na maswali aliyoniuliza siku ile ndiyo ninayoulizwa karibu kila wiki.

Mwanangu, hiyo iodini ndiyo madini joto ya kwenye chumvi?

Ndiyo, mama, ni kitu kimoja. Mwili wa mtu mzima una takribani miligramu 15 hadi 20 tu za iodini, na sehemu kubwa imo katika tezi ya thairoidi, ile iliyo mbele ya koo. Tezi hiyo huitumia kutengeneza homoni zinazoongoza matumizi ya nguvu mwilini na ukuaji wa ubongo wa mtoto. Iodini ikipungua, tezi huvimba ikitafuta kuinasa hiyo kidogo iliyopo, na uvimbe huo ndio tunaouita rovu.

Kwa nini basi iwekwe kwenye dawa ya picha?

Eksirei hupenya kwa urahisi katika damu, ini na utumbo, lakini huzuiwa na mfupa, ndiyo maana mfupa huonekana mweupe. Viungo laini hufanana mno kwenye picha, hata uvimbe mdogo unaweza kujificha ndani ya ini bila kuonekana. Atomu ya iodini ni nzito na huzuia eksirei vizuri sana, kwa hiyo ikichukuliwa na damu, mishipa na viungo vyenye damu nyingi hung'aa, na kilichofichika hujitokeza. Dawa yenyewe, tunayoiita kontrasti, ukiishika ndani ya chupa ni angavu kama maji, lakini ukiipindua huteremka polepole kama shira. Inapoingia mshipani, mgonjwa huhisi joto likipanda kifuani na kushuka hadi kinenani, kiasi kwamba wengi hudhani wamejikojolea, na mdomoni huja ladha kama ya chuma. Hali hiyo hupita baada ya dakika moja hivi na wala si mzio.

Ni vyema kujua pia kwamba kontrasti ya MRI, kipimo cha picha kinachotumia sumaku, haina iodini, kwani hutumia madini mengine yaitwayo gadolinia, na uji mweupe wa bariamu unaonywewa kwa picha za tumbo nao hauna iodini.

Je, kiasi kilichomo kwenye sindano kinalingana na kile cha chumvi?

Hakilingani hata kidogo. Mtu mzima anahitaji mikrogramu 150 za iodini kwa siku, na mjamzito takribani 250. Sindano ya mililita 100 ya kontrasti yenye miligramu 300 za iodini katika kila mililita humpa mgonjwa gramu 30, yaani mahitaji ya siku 200,000, ambayo ni zaidi ya miaka 500 ya kula chumvi yenye madini joto.

Hesabu hiyo inatisha mtu asipoambiwa upande wake wa pili. Iodini ya chumvini huyeyuka, hufyonzwa tumboni na kufika kwenye tezi ikiwa huru. Ile ya kontrasti imefungwa ndani ya molekuli, atomu tatu za iodini zikiwa zimeshikamana na pete ya kaboni, na mwili hauna njia rahisi ya kuzifungua. Figo huichuja molekuli hiyo ikiwa nzima na kuitoa kwa mkojo. Kwa mwenye figo nzima, nusu yake huwa imeshatoka baada ya saa mbili hivi, na ndani ya saa 24 karibu yote imekwisha kutoka. Hata hivyo kontrasti huwa na chembe kidogo za iodini iliyo huru, na ingawa ni kidogo ukilinganisha na iliyofungwa, bado ni nyingi kwa tezi iliyozoea mikrogramu 150. Jambo hilo nitalirudia.

Nikila kamba navimba. Si ndiyo kusema iodini hainipendi?

Hapana, na hapa ndipo penye kosa lililomcheleweshea mama yule matibabu. Kinachomdhuru mtu mwenye mzio wa kamba, kaa au kambakochi ni protini iliyo katika misuli ya wanyama hao, iitwayo tropomiosini. Anayedhurika na samaki wenye mapezi, kama changu au kolekole, kwa kawaida hudhurika na protini nyingine iitwayo pavalbumini. Iodini haimo katika shauri hilo. Kinga ya mwili hutambua umbo la kitu kikubwa kama protini, nayo iodini ni chembe ndogo ambayo kila mmoja wetu anayo shingoni tangu alipokuwa tumboni mwa mama yake, na asiyekuwa nayo kabisa asingeweza kuishi kwa afya.

Ni kweli kwamba mtu mwenye mzio wa aina yoyote, uwe wa kamba, wa karanga au wa maziwa, au mwenye pumu, ana uwezekano uliozidi kidogo wa kupata athari ya kontrasti kuliko wengine. Lakini kamba hawana nafasi ya pekee kuliko karanga, na sijapata kumwona mtu akinyimwa siti skani kwa sababu ya karanga. Vivyo hivyo, aliyewahi kuwashwa na dawa ya aidini ya kupaka kwenye kidonda hazuiliwi kupewa kontrasti kwa sababu hiyo.

Mbona basi wapo wanaodhurika na sindano yenyewe?

Wapo, na jambo hilo halipaswi kufichwa. Wengine hutokwa na vipele, hupiga chafya au kutapika. Wachache sana, takribani watu 4 kati ya 10,000 kwa dawa za sasa, hupata athari kali ya kushindwa kupumua au kushuka kwa shinikizo la damu, na ndiyo sababu mgonjwa huambiwa asiondoke mara tu baada ya sindano. Lakini wanachokikataa ni molekuli ile nzima pamoja na ukolezi wake, yaani wingi wa chembe zilizoyeyuka ndani ya dawa. Ushahidi ulio wazi zaidi kwangu ni historia ya dawa zenyewe. Kontrasti za zamani zilikuwa na ukolezi uliozidi ule wa damu mara tano au zaidi, zikaleta maumivu na athari nyingi. Mwaka 1969 daktari wa Sweden, Torsten Almén, alichapisha pendekezo la molekuli zisizogawanyika kuwa ioni, yaani vipande vyenye chaji ya umeme, zikiwa ndani ya maji, ambazo zingepunguza ukolezi huo. Dawa zilizotokana na wazo lake zilipoanza kutumika, athari zilipungua sana, ilhali iodini iliyomo ndani yake haikupungua.

Kwa hiyo swali la haki kumwuliza mgonjwa ni hili: umewahi kuchomwa kontrasti, na ulipatwa na nini? Aliyewahi kudhurika nayo ndiye anayehitaji tahadhari ya kweli, kama vile kubadilishiwa aina ya kontrasti, kupewa dawa za kutuliza kinga saa kadhaa kabla, au kutafutiwa kipimo kingine.

Ni nani ambaye iodini yenyewe inamhusu?

Ni mwenye maradhi ya tezi. Ile iodini huru niliyoitaja ikimiminika ghafla, tezi yenye afya hujifunga kwa siku chache, kisha huendelea na kazi yake. Lakini mwenye rovu la miaka mingi lenye vinundu anaweza, wiki kadhaa baada ya kipimo, kuanza kutengeneza homoni kupita kiasi: moyo kwenda mbio, mikono kutetemeka, jasho jingi na kukonda. Dalili hizo zikitokea, arudi hospitali na ataje kwamba alichomwa kontrasti, kwa kuwa daktari mwingine hataweza kulikisia hilo. Watoto wachanga, hasa waliozaliwa kabla ya wakati, wanaweza kupata kinyume chake, tezi ikapungua nguvu, na wanastahili kufuatiliwa. Naye anayesubiri kipimo au tiba ya iodini ya mionzi, kama ile inayotolewa katika Taasisi ya Saratani Ocean Road, Dar es Salaam, atalazimika kungoja wiki 4 hadi 8 baada ya kontrasti, kwa sababu tezi iliyokwisha kushiba haitaipokea.

Na figo, kisukari, kunyonyesha?

Mwenye ugonjwa wa figo apimwe kwanza kreatinini, kipimo cha damu kinachoonyesha figo zinavyofanya kazi. Anayemeza metformini, dawa ya kisukari, amweleze mhudumu. Ikiwa figo ni dhaifu sana ataambiwa aisimamishe kwa saa 48. Anayenyonyesha anaweza kuendelea, kwani chini ya asilimia 1 ya dawa hufika kwenye maziwa, na mtoto hufyonza sehemu ndogo mno ya hiyo. Anayefunga Ramadhani aseme mapema, ili apangiwe siku na saa atakayoweza kunywa maji ya kutosha.

Je, niiache chumvi ya pakiti?

Usiiache. Tangu miaka ya 1990 sheria za Tanzania zinataka chumvi ya kula itiwe madini joto, na sisi wa pwani hatujasamehewa hitaji hilo kwa kukaa karibu na bahari. Lita moja ya maji ya bahari ina takribani gramu 35 za chumvi na mikrogramu 50 hadi 60 za iodini. Hata kama iodini yote ingebaki baada ya jua kuyakausha maji hayo, gramu 5 za chumvi ya mawe zisingefikisha mikrogramu 9. Gramu 5 hizo hizo za chumvi iliyotiwa miligramu 30 za iodini kwa kilo hutoa mikrogramu 150 kamili. Kwa mjamzito tofauti hiyo ni kubwa mno, kwa sababu ubongo wa mtoto aliye tumboni hutegemea homoni za mama.

Mama wa sokoni alinisikiliza hadi mwisho, kisha akauliza kama yale maandishi mekundu yanaweza kufutwa. Daktari wake aliyakata kwa mstari mmoja na kuandika chini yake: «Mzio wa kamba, midomo huvimba. Hajawahi kupewa kontrasti.» Siti skani ilipangwa wiki iliyofuata, na jioni ile ile alimtuma mjukuu wake dukani kununua chumvi ya pakiti.