Picha bila rangi, si lazima deki iwe imekufa

Hapa Busia, upande wa Uganda, ukiweka diski na picha ikatoka nyeusi na nyeupe, utaambiwa papo hapo kwamba lenzi ya deki, ile inayosoma diski, imechoka. Sivyo. Lenzi ikichoka, picha hukwamakwama, au diski haisomwi kabisa. Haiwezi kuchuja rangi peke yake ikaacha filamu iendelee kama kawaida.

Geuza runinga utazame matundu. Kati ya nyaya tatu zitokazo kwenye deki, waya wa njano hubeba picha nzima, mwanga na rangi vikiwa vimechanganywa. Mwekundu na mweupe ni wa sauti tu. Lakini runinga nyingi zina safu nyingine: kijani, buluu, nyekundu. Hayo yote, yaitwayo COMPONENT, ni ya picha iliyogawanywa sehemu tatu, na kijani hupokea mwanga. Chomeka njano kwenye kijani: watu utawaona, midomo inacheza, ila gomesi, yale magauni ya akina mama, zote ni za kijivu. Waya mwekundu wa sauti nao ukiingia kwenye nyekundu ya picha, spika ya kulia inanyamaza. Aliyeipa rangi moja kazi mbili alitukosea kweli.

Kwenye runinga nyingine kijani na njano ni tundu moja, limeandikwa Y/VIDEO. Hapo waya uko sawa. Shika rimoti, bonyeza SOURCE, chagua AV, yaani njia ya waya wa njano, badala ya COMPONENT. Rangi zikigoma bado, ingia mipangilio ya deki ubadili mfumo wa rangi kutoka NTSC uwe PAL, ndipo umtafute fundi.